Mtani Alipoomba Abaki

Jumanne, tarehe 11 Juni 1957. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mpaka saa nane mchana ulikuwa haujainuka. Manyunyu yanakuja na kuondoka, na nguo nilizoanika juzi bado zina maji.

Nilitaka kuandika habari za leo tu, lakini naona za leo hazitaeleweka bila ya kumweleza mtu mwenyewe. Basi nitajaribu. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, na kuandika kwangu ni kama kutembea na viatu vya mtu mwingine. Nikikosea, kosa ni langu, si la mwenye habari.

Mtu huyo wote tunamwita Mtani. Jina la ubatizo analo, padri analijua. Ni Mzigua wa Turiani, na Wazigua na sisi Waluguru ni watani tangu enzi za mababu: mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua jogoo wako, akakufanyia vituko msibani kwenu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Alikuja huku mlimani kumwoa mama yangu mdogo, vita ya Wazungu ilipokuwa inakaribia kwisha. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, akalima ardhi ya ukoo wa mke. Kwa hiyo kwa haki ningemwita baba mdogo. Nilijaribu mara moja nikiwa msichana. Aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Mwaka wote wa kwanza alikuwa akishuka njia ya mtoni kwa makalio. Hili si la kusimuliwa, nililiona mwenyewe. Suruali zake mbili zilitoboka na mama mdogo akazitia viraka vya gunia la chumvi.

"Nyie si watu," alikuwa akisema huku anateleza. "Nyie ni kima mliobatizwa. Mtu akidondosha kiazi huku, lazima aage nyumbani kwanza ndipo akifuate!"

Anayemjibu siku zote alikuwa Mjomba, kaka mkubwa wa mama na mama mdogo, ambaye ndiye mwenye neno juu ya ardhi ya ukoo wetu. Mjomba ni mtu wa kunyooka, hata kofia yake imenyooka. Lakini kwa Mtani alijipinda. "Na nyie wa bondeni," alisema, "mkidondosha kiazi mnakikuta palepale kimeoza. Hata maji kwenu hayajui pa kwenda."

Sasa, nisije nikamsingizia. Aliitukana milima kila siku ya Mungu, lakini sijamwona mtu aliyeifaidi kama yeye. Sisi tuliozaliwa huku tunakunywa maji ya kijito kwa sababu tuna kiu. Yeye alikuwa akienda pale yanapotoka kwenye mwamba, asubuhi, meno yakiuma kwa baridi, anakunywa kibuyu kizima, anafumba macho, anatikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa. Kisha anafungua macho na kusema, "Maji mabaya sana haya." Na anakinga tena.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba aliipenda kwa sababu, alisema, ndiyo miezi pekee ambayo mke wake alimruhusu akae jikoni. Alikuwa akitia viazi kwenye majivu, anavigeuza kwa kijiti, anavizungumzia. Mama mdogo alimfukuza kwa mwiko. Alirudi kupitia mlango wa nyuma. Nyumba yao haikuwa na mlango wa nyuma mpaka alipokuja yeye. Aliutoboa mwenyewe kwa kazi hiyo.

Jambo jingine alilolipenda ni kuitana. Huku kwetu nyumba ya jirani unaiona ng'ambo kama vile unaweza kuigusa, lakini kuifikia ni kushuka bonde zima na kulipanda. Basi tunasimama ukingoni tunaita, na habari zinavuka kwa sauti. Mtani aliona hiyo ni raha kubwa kuliko zote. Kwao Turiani, alisema, ukipiga kelele anayesikia ni ng'ombe tu. Siku za ukungu ndizo zake. Mtu hamwoni mtu, na yeye alikuwa na kipaji cha kuiga sauti. Siku moja mama mmoja wa ng'ambo aliita kumwuliza katekista kama kesho kuna sala ya asubuhi. Sauti ya katekista ikamjibu kutoka kwenye ukungu, nzito, ya taratibu: "Ipo, mama! Na kila mtu aje na mkungu wa ndizi mbivu!"

Kesho yake watu kumi na tatu walifika kanisani na mikungu kichwani. Dada yangu anasema walikuwa tisa. Naandika yote mawili. Katekista alisimama mlangoni hajui ashukuru au aulize. Ndizi zilizoiva haziwezi kurudishwa kwa mteremko ule, kwa hiyo zililiwa palepale baada ya sala, na watu walikaa mpaka mchana wakizungumza. Katekista alikasirika siku tatu. Lakini kusema haki, yeye mwenyewe alikula sita.

Jioni zisizo na mawingu Mtani alikaa kwenye kona ya njia, pale mlima unapokatika na bondeni kote kunaonekana, moshi wa garimoshi la Morogoro na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama mistari ya daftari. Alikuwa akitazama mvua inavyotembea kule chini. "Huku mtu unaona mpaka mvua ya wenzako," aliniambia. "Unajua kabla yao kwamba watalowa. Dhambi tamu sana hii."

Halafu kuna lile la sokoni Morogoro, nalo nisiposema nitakuwa nimemwonea. Tulishusha kabichi na njegere, na mnunuzi mmoja, mtu wa bondeni, akatucheka mbele ya watu kwamba Waluguru wana miguu ya kupinda kwa kukaa kwenye miteremko kama mbuzi. Maneno hayohayo Mtani aliyasema kila wiki. Mimi nikadhani atacheka naye. Alimshika yule bwana ukosi.

"Umesema nini?"

"Si nimetania tu, ndugu."

"Wewe ni mtani wao? Umeoa kwao? Umelala msibani kwao?"

"Hapana..."

"Basi funga mdomo. Hawa ni wa kutukanwa na mimi."

Watu wakawaachanisha. Njiani akipanda alikuwa anatweta, na tulipofika nusu akasema, "Lakini kuhusu miguu alisema kweli."

Utani wake mkubwa kuliko wote alimfanyia Mjomba. Mjomba alikuwa akibeba kabichi zake kichwani kwenye tenga, kushuka nazo mpaka mjini, na tenga lile chini lilitandikwa majani makavu yasiyobadilishwa mara kwa mara. Mtani alitia jiwe chini ya majani. Sokoni kabichi zilitolewa, majani yakabaki, na jiwe likabaki chini yake. Jiwe hilohilo lilishuka na Mjomba na kupanda na Mjomba, na kila mara Mtani alilibadilisha kwa kubwa zaidi kidogo. Mjomba akaanza kusema nguvu zinamwisha. Akaanza kupumzika njiani, yeye ambaye hakupumzika. Ikafika siku aliita jamaa kueleza ni nani atakayeshika neno la ardhi atakapokufa. Tukakaa kwa huzuni, wengine wakilia. Mtani akaingia amebeba lile jiwe mikononi kama mtoto mchanga.

"Shemeji," akasema, "kabla hujafa, agana na huyu. Mmetembea sana pamoja."

Wapo wanaosema ilikuwa masika nzima, wapo wanaosema wiki tatu. Mimi nakumbuka uso wa Mjomba tu. Alilitazama jiwe kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka. Lakini naamini kwamba tangu siku ile hakumsadiki tena Mtani kwa neno lolote. Na kweli, ungemsadikije?

Nasema haya kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwaka jana mama mdogo alifariki. Aliugua siku chache, kifua. Hawakujaliwa watoto. Siku ya maziko kulikuwa na kimya kibaya, maana siku zote anayetuchekesha msibani ni Mtani, na safari hii mfiwa alikuwa yeye. Bibi yangu alipozikwa aliingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na tulilia huku tunacheka, na ilisaidia. Sasa amesimama na shuka begani, hasemi. Jeneza likateremshwa. Tukasubiri. Ndipo akasogea ukingoni akatazama chini akasema, "Mmemlaza kwenye mteremko. Msipomwekea kigingi atanikuta Turiani."

Watu walicheka. Mungu atusamehe, tulicheka kwa nguvu, kwa sababu tulikuwa tumeungojea utani wake. Mimi sikutazama uso wake wakati ule. Nadhani hakuna aliyetazama.

Kwa desturi yetu, mume aliyekuja kwa mkewe, mke akifa bila kuacha mtoto, anakaa mpaka kuondoa matanga, kisha anarudi kwao. Ardhi ni ya ukoo. Hakuna anayeona ni ukatili, ni utaratibu tu, kama vile maji yanavyoshuka. Siku ya kuondoa matanga tulikaa uani, Mjomba kwenye kiti, Mtani kwenye kinu kilichopinduliwa. Pombe ilikuwapo. Mjomba akamwuliza, kama inavyoulizwa, kama ana neno kabla ya kufunga safari.

Mtani akasimama. "Ninalo, shemeji. Naomba nibaki."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika ng'ambo, nasi tukaulizwa kwa sauti kuna nini. Mjomba akafuta machozi. "Ubaki kama nini? Jiwe la tenga?"

"Kama nilivyo. Nilime kidogo, nikae."

"Kwa kima waliobatizwa!"

"Kwa kima waliobatizwa," akasema.

Tukacheka tena. Mimi nilicheka. Ningeweza kuliacha hili lisiandikwe, maana hakuna atakayeniuliza, lakini nilicheka na nikapiga makofi. Mtani akatutazama mmoja mmoja, kisha naye akacheka, wa mwisho, akaketi. Kesho yake tulimfungia ndizi na viazi vya njiani, akashuka. Hakushuka kwa makalio. Miaka ile kumi na zaidi ilikuwa imemfundisha, alishuka wima kama sisi.

Wiki mbili baadaye nilipita kwenye shamba la marehemu kuchuma majani ya maboga. Nikakuta mfereji wa maji umesafishwa tangu juu kwenye kijito mpaka chini, kingo zimepigwa jembe vizuri, na udongo wa pembeni bado ni mpya. Na njegere zilikuwa zimeota, mistari sita iliyonyooka. Nilihesabu siku kwa vidole. Alizipanda wiki ya kuondoa matanga. Mtu anayeondoka hasafishi mfereji. Mtu anayetania hainami siku nne kwenye tope la baridi peke yake bila ya mtu wa kumwona.

Nilikaa kwenye ukingo wa ule mfereji na nikaona aibu ambayo sina maneno yake.

Nikaenda kwa Mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo, hakatizi mtu.

"Labda ni utani mrefu," akasema.

"Mjomba, alipanda njegere."

"Na mimi nilibeba jiwe." Akavua kofia, akaivaa. "Sikiliza, mwanangu. Tuseme nimshukie Turiani, nimwambie rudi, ardhi nimekupa. Halafu acheke. Halafu aje kusimulia huku. Watanicheka mpaka kaburini, na kaburini watakuja kunicheka tena."

"Na kama hakucheka?"

Akaokota jembe akaenda shambani. Nami, kwa kuwa nimeahidi kuwa wa haki, naandika kwamba Mjomba hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa. Sikujua mtu mzima wa namna ile anaweza kuogopa kicheko. Pia aliogopa ukoo, maana kumwacha mgeni juu ya ardhi ya marehemu kuna watakaosema ardhi inapotea. Nilikuwa nikimkumbusha kila mwezi au karibu kila mwezi. Alikuwa akiniambia nikachote maji.

Juzi, Jumapili, bila ya mimi kusema kitu, akaja mlangoni na fimbo na kofia. "Chukua kanga yako," akasema. "Utakuwa shahidi, na uandike, maana una madaftari."

Mjomba hakuwa amewahi kwenda mbali zaidi ya Morogoro. Tulipanda lori la Mhindi mmoja anayenunua mpunga, na kadiri ardhi ilivyozidi kulala ndivyo alivyozidi kushika ubao wa lori. "Hakuna pa kuegemeza jicho," aliniambia. Turiani kuna joto la kunata na mbu wa mchana. Tulimkuta Mtani shambani kwa ndugu zake. Wamempa kazi ya kuamia ndege: amekaa juu ya kidungu cha miti katikati ya mpunga, ana kombeo na madonge ya udongo, anapiga kelele. Alikuwa amekonda. Akatuona tangu mbali, maana kule mtu huonekana tangu mbali hata akiwa hajaamua kuja.

"Aaa! Kima wameshuka!" akaita. "Nani amekufa?"

"Hakuna," Mjomba akasema. "Nimekuja kukuambia. Lile uliloomba, nimekubali. Rudi ukae."

Mtani alitia donge la udongo kwenye kombeo, akalitoa. Kisha akacheka. Alicheka akajipigapiga mapaja, kidungu kikatikisika, ndege wote wakaruka. Alicheka kama tulivyomcheka sisi. Wanawake waliokuwa wakikata mpunga shamba la pili wakasimama kutazama.

Mjomba hakucheka. Alisimama kwenye tope mpaka vifundoni, kofia imenyooka, jua linampiga.

"Cheka," akasema. "Sina haraka."

"Shemeji, umenifikia! Safari yote hii kwa ajili ya utani! Mimi nilikubebesha jiwe tu, wewe umejibebesha mwenyewe mpaka Turiani!"

"Si utani."

"Haya, si utani!" Na akacheka tena, lakini safari hii macho hayakucheka, nililiona hilo kwa kuwa nilikuwa nimeapa kwamba nitatazama.

Mjomba akaegemea fimbo. Akaanza kusema kwa sauti ileile anayogawia mashamba, taratibu, bila ya kupanda wala kushuka. "Shamba la marehemu, kuanzia mfereji wa juu mpaka penye mgomba uliopinda. Utalima wewe mpaka utakapokufa. Hutauza. Hutampa ndugu yako wa huku hata tuta moja. Ukioa mwanamke wa nje, utatoka. Ukifa, linarudi kwa ukoo siku ileile. Nyumba imeingia maji upande wa jikoni, tutaezeka keshokutwa tukifika, na majani utakata wewe."

Mtani akawa ameacha kucheka, sijui tangu neno lipi. Kombeo likamtoka mkononi likaanguka kwenye maji.

"Shemeji," akasema polepole, "umesema nikioa nje natoka?"

"Unatoka."

"Na ndugu yangu hata tuta moja?"

"Hata nusu."

Akashuka kwenye kidungu. Alishuka kama mzee, akipapasa kwa mguu. Alipofika chini akamshika Mjomba mkono, akaushika tu. "Basi ni kweli," akasema. "Utani hauna masharti."

Tulilala kwa ndugu zake, tukalala tena Morogoro, na leo tumepanda. Sasa naandika lililonitia hofu. Njia nzima Mtani hakutukana kitu. Tulipita mwamba wa kwanza wenye utelezi, kimya. Ukungu ukatupokea, kimya. Alikuwa anatembea nyuma ya Mjomba ameshika fimbo, anasema "pole, shemeji" na "asante, shemeji" kama mkwe mpya. Nikawaza: tumempa ardhi na tumemwua mtani. Labda mtu akishawekewa masharti anakuwa kama sisi wengine. Nilimtazama Mjomba, naye alikuwa akigeukageuka nyuma, nadhani aliwaza hivyohivyo. Mara mbili alijikwaa kwa makusudi, naamini ni kwa makusudi, ili atukanwe. Hakutukanwa. Akapewa pole.

Jioni tumekula kwa Mjomba, kwa sababu nyumba ya Mtani bado inavuja. Mtani alikuwa na kambare mkubwa wa kukaushwa kwa moshi aliyetoka naye Turiani, amemfunga kwa majani. Tulimpika kwa nyanya na vitunguu, na akaomba agawe yeye mwenyewe. Sisi akatupa minofu. Mjomba alipewa kichwa kitupu, kikubwa, mdomo wazi, kimemwelekea usoni.

Mjomba akakitazama. "Ndiyo nini hii?"

"Anakuuliza, shemeji," Mtani akasema. "Tangu Turiani anataka kukuuliza, ila mimi namzuia kwa adabu. Anasema: mtu mzima na akili zake, kuelewa maneno mawili kunamchukua mwaka mzima?"

Mjomba alicheka kwa muda mrefu. Kisha akaacha kucheka, akanawa tena mikono ingawa alikuwa ameshanawa, akakila kile kichwa chote mpaka mifupa. Sisi wengine tulikula ugali na minofu ya kambare, na majani ya maboga yaliyotiwa karanga. Ugali haukubaki.